Sindano Niliyoikataa: Kuhusu Mchochota wa Ubongo Baada ya Kiharusi

Jumanne moja ya mwezi wa nne, muda mfupi baada ya adhuhuri, baba mmoja wa makamo alisimama kwenye dirisha la duka la dawa ninapofanya kazi hapa Moshi, akatoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha kwa kiganja juu ya kioo cha kaunta na kunisogezea. Palikuwa pameandikwa kwa wino wa bluu neno moja tu, "deksa", na chini yake idadi: vichupa kumi. Hapakuwa na jina la mgonjwa, muhuri wala sahihi. Nilipomuuliza dawa ni ya nani, alinieleza kwamba mama yake mwenye umri wa miaka 78 alikuwa wodini siku ya pili tangu apatwe na kiharusi. Kwamba kipimo cha CT kilionyesha mshipa umeziba na hakuna damu iliyovuja. Na kwamba jirani yake, ambaye mdogo wake aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa, alimhakikishia kuwa ipo sindano ya kukausha uvimbe wa ubongo. "Daktari," aliniambia, maana huku kwetu mfamasia naye huitwa hivyo, "sitaki mama alale tu na dripu. Nipe hiyo ya kukausha uvimbe."

Sikumpa. Jibu nililompa pale dirishani lilikuwa fupi kuliko alivyostahili, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na foleni, na tangu siku ile nimekuwa nikilipanga upya kichwani. Nimeamua kuliandika hapa kwa urefu, kwa kuwa swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Ni swali lile lile ambalo watafiti wa magonjwa ya ubongo wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 30: ikiwa sehemu ya ubongo hufa kwa sababu ya kile kinachowaka ndani yake baada ya mshipa kuziba, kwa nini tusikizime?

Ugumu wa kwanza umo kwenye neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku "uvimbe" hubeba mambo matatu kwa mpigo. Kuna uvimbe wa kuota, yaani kinyama kinachokua mahali kisipotakiwa. Kuna uvimbe wa maji kujaa, kama mguu unaobonyea ukiugusa kwa kidole. Na kuna ule ambao vitabu vya tiba huuita mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili mahali palipoumia, ambao kila aliyewahi kuchomwa na mwiba na kuuacha usiku kucha anaujua kwa wekundu wake, joto lake na maumivu yake. Ubongo unaweza kupatwa na yote matatu, na dawa ya moja si lazima iwe dawa ya jingine. Deksamethasoni, yaani ile "deksa" ya kwenye karatasi, hupunguza kweli maji yanayokusanyika kando ya kinyama kilichoota ndani ya fuvu, na bila shaka ndiyo sababu mdogo wake jirani alipata nafuu. Lakini katika saa za mwanzo za kiharusi cha kuziba mshipa, maji mengi huwa ndani ya chembe zenyewe, kwa sababu pampu zinazoyatoa zimekosa nguvu ya kufanya kazi, na deksamethasoni haina uwezo wa kuziwasha upya. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1986 madaktari John Norris na Vladimir Hachinski walichapisha matokeo ya wagonjwa 113 waliogawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa dozi kubwa sana ya deksamethasoni na wengine dawa bandia, na hawakuona faida yoyote. Tafiti nyingine za enzi hizo kuhusu steroidi, kundi la dawa ambalo deksamethasoni imo, hazikubadili hukumu.

Basi hilo ni jibu kuhusu maji. Mchochota ni habari ndefu zaidi, na ndiyo inayonivuta.

Anayetoka upande huu wa mlima anaijua mifereji yetu ya asili, ile inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba. Mfereji ukizibwa na gogo, shamba lote halikauki kwa wakati mmoja. Migomba iliyo karibu kabisa na mahali pa kuziba, isiyopata maji kutoka kwingine, hunyauka mara moja na haifufuki. Kandokando yake kuna migomba mingine iliyolegeza majani lakini bado mizizi yake ina uhai, kwa sababu unyevunyevu kidogo huwafikia kupitia vijifereji vya jirani. Ubongo huwa hivyo hivyo. Uzito wake ni karibu asilimia 2 tu ya mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, kwa hiyo hauna akiba ya kusubiria. Mwaka 1981 Astrup, Siesjö na Symon waliuelezea ule ukanda wa pembeni, wenye damu haba lakini wenye uhai, ambao huitwa penumbra. Mwaka 2006 Jeffrey Saver alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba na usifunguliwe, ubongo hupoteza chembe za neva milioni 1.9 kila dakika. Tiba zilizothibitishwa, yaani dawa ya kuyeyusha bonge la damu ndani ya saa nne na nusu, na kulivuta bonge hilo kwa mrija mwembamba kupitia mshipa, ambako kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo kunaweza kufanyika hata hadi saa 24, zote ni kazi ya kuondoa gogo kabla penumbra haijanyauka.

Mchochota huanza pale pale. Chembe zinazokufa humwaga nje vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani, na vitu hivyo husomwa na kinga ya mwili kama mbiu ya mgambo. Wa kwanza kuitika ni mikroglia, chembe za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo siku zote. Hubadilika umbo ndani ya muda mfupi na kuanza kutoa saitokini, yaani kemikali za kupashana habari, zikiwamo intalukini-1 na TNF. Ujumbe huo huzifikia kuta za mishipa midogo, nazo huota vishikizo vya kunasia chembe nyeupe za damu zinazopita. Ndani ya saa chache hadi siku ya pili au ya tatu nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, hujaa, na vimeng'enya vyake, hasa kile kiitwacho MMP-9, huanza kulimeng'enya tando linalozuia damu isiingie ovyo kwenye ubongo. Tando likilegea, maji huingia, na wakati mwingine damu yenyewe huvuja. Hapo ndipo uvimbe wa maji na mchochota hukutana, na ndiyo sababu watu huvichanganya.

Ukiishia hapo, utaona kwamba dawa ni kuwazuia waitikaji. Ndivyo watafiti walivyoona, na hawakuwa wazembe. Mwaka 1992 Jane Relton na Nancy Rothwell, Uingereza, walionyesha kwamba panya waliozibwa mshipa wa ubongo na kupewa protini inayoizuia intalukini-1 walipoteza sehemu ndogo zaidi ya ubongo. Wengine walionyesha kwamba kuziba vile vishikizo vya mishipa huwaokoa wanyama. Ilibaki kujaribu kwa binadamu.

Jaribio la enlimomabu ndilo linalonitia uchungu kila ninapolisoma. Dawa hii ilikuwa kingamwili, yaani protini ya kinga inayonata kwenye shabaha moja, iliyotengenezwa kutoka kwa panya, iliyokusudiwa kuziba kishikizo kiitwacho ICAM-1 ili nyutrofili zisinase. Wagonjwa 625 waliingizwa ndani ya saa sita tangu kuugua, nusu wakapewa dawa kwa siku tano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliopewa dawa walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya siku 90, na waliofariki miongoni mwao walikuwa asilimia 22.2, dhidi ya asilimia 16.2 ya waliopewa dawa bandia. Walipata pia maambukizi na homa nyingi zaidi. Kazi ya maabara iliyofuata kwa panya iliashiria kwamba mwili huweza kuiona kingamwili ya mnyama mwingine kuwa adui, na kwa hiyo kuchochea zile zile nyutrofili zilizokusudiwa kutulizwa. Dawa ya kupunguza mchochota iliuongeza. Ninaomba msomaji alishike neno "homa" hapo, kwa maana nitalirudia.

Baada ya hiyo yalifuata mengine. Dawa nyingine ya kuzuia nyutrofili, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 966 na kuripotiwa mwaka 2003, ilisimamishwa kwa kukosa faida. Natalizumabu, ambayo huwasaidia sana wagonjwa wa sklerosisi nyingi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia ubongo wenyewe, kwa kuzizuia chembe nyeupe zisivuke kuingia ubongoni, ilijaribiwa mara mbili kwa wagonjwa wa kiharusi na haikuwasaidia. Kile kizuizi cha intalukini-1, kwa jina anakinra, kilifika kwa wagonjwa 80 katika jaribio lililotoka Manchester mwaka 2018; viashiria vya mchochota kwenye damu vilishuka waziwazi, ila wagonjwa hawakupona vizuri zaidi. Matokeo hayo ya mwisho yananifundisha kuliko yote, kwa sababu hayaachi nafasi ya kusema dawa haikufika au haikufanya kazi yake. Ilifanya. Namba za maabara zilishuka, na mkono uliopooza ukabaki ulivyo.

Kwa nini? Jibu ninaloliamini limo katika kile ambacho waitikaji hufanya baada ya siku za mwanzo. Huku kwetu mti ukianguka njiani, mbiu hupigwa na watu hutoka kwenye msaragambo, kila nyumba na panga lake au jembe lake. Watu mia wakiingia kwa pamoja kwenye kipande kidogo cha shamba, watakanyaga miche, hilo halikwepeki. Lakini ukiwazuia wote wasije kabisa, mti utaoza pale pale na njia haitafunguka. Mikroglia zinazomwaga sumu ndizo hizo hizo zinazomeza mabaki ya chembe zilizokufa na kutoa virutubisho vya kukuza zilizobaki. Mwaka 2007 kundi moja la watafiti wa Quebec, Kanada, liliziondoa mikroglia zinazoongezeka kwa panya na kisha kuwazibia mshipa; eneo lililokufa likawa kubwa zaidi, si dogo. Mwaka 2016 kundi jingine, kwa njia tofauti, lilipata jambo lile lile. Na kile kimeng'enya MMP-9, ambacho siku ya kwanza hubomoa tando la ulinzi, kimeonekana kuwa na kazi nyingine baadaye: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na watu wa Massachusetts General Hospital ulionyesha kwamba panya waliozuiliwa kimeng'enya hicho siku ya saba walishindwa kujenga upya mishipa na neva kandokando ya jeraha. Kimeng'enya ni kimoja, mahali ni pamoja, ila siku zimepita saba na kazi imegeuka kinyume chake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kupunguza mchochota ni tiba ya kiharusi, namjibu kwamba swali halijakamilika mpaka aseme mchochota upi, siku ya ngapi, na kwa mgonjwa ambaye mshipa wake umefunguliwa au haujafunguliwa. Panya wa maabara ni kijana, hana presha, hana sukari, huzibwa mshipa kwa saa iliyopangwa na kupewa dawa kwa dakika iliyopangwa. Mama wa yule baba ana miaka 78, ameishi na presha kwa muda mrefu, na hakuna anayejua kwa hakika ni saa ngapi usiku ule mkono wake ulilegea.

Kuna jambo la pili ambalo yule jirani hakuweza kulijua, na ambalo ndilo lililonifanya nisite zaidi pale dirishani. Wakati ubongo unawaka, kinga ya mwili mzima hushuka. Watafiti wa Berlin walilionyesha hili mwaka 2003: panya waliopatwa na kiharusi walipungukiwa na chembe nyeupe aina ya limfosaiti, na ndani ya siku tatu wakaugua homa ya mapafu na bakteria kuingia kwenye damu, bila mtu yeyote kuwaambukiza. Ubongo ulioumia hutuma amri kupitia neva na homoni za mfadhaiko, na walinzi wa mwili hulegeza mikono. Ukiongeza juu ya hapo deksamethasoni, ambayo kazi yake ni kuishusha kinga na ambayo pia hupandisha sukari ya damu, unamwondolea mgonjwa hata kidogo alichobakiwa nacho.

Hapa sina budi kumtaja shangazi yangu.

Alipatwa na kiharusi mwaka 2017, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, na alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno yake hayakueleweka vizuri, lakini alitutambua sote na alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Asubuhi ya siku ya pili tulipeleka uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kama tunavyofanya sote kwa wagonjwa wetu. Alikuwa amelala chali. Hakuna aliyetuambia tumwinue, wala aliyetuambia kwamba koo nalo huweza kupooza. Kikombe nilikishika mimi. Kijiko cha tatu alipaliwa, akakohoa kikohozi dhaifu kisichomaliza kazi, na baada ya hapo sauti yake ikawa na majimaji, kama mtu anayezungumza akiwa na mate mengi mdomoni. Tulidhani ni kiharusi kinaendelea. Siku ya tatu mwili ulichemka. Niliuhisi kwa kiganja kabla mtu yeyote hajaleta kipimajoto, na homa ile ilipewa dawa ya malaria bila kupimwa damu. Siku ya sita alifariki kwa homa ya mapafu.

Nimerudia mara nyingi kile kijiko cha tatu. Sikisimulii ili nilaumiwe wala nionewe huruma. Ninakisimulia kwa sababu baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu mchochota wa ubongo nikitafuta dawa mpya zenye majina marefu, nilikutana na utafiti ambao haukutumia dawa mpya hata moja, na nilipoumaliza nilikaa kimya kwa muda.

Utafiti huo unaitwa QASC, na ulifanyika katika wodi 19 za kiharusi katika jimbo la New South Wales, Australia, ukiongozwa na muuguzi Sandy Middleton na kuchapishwa mwaka 2011. Wodi ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika kundi moja wauguzi walifundishwa na kusaidiwa kufuata utaratibu wa mambo matatu kwa saa 72 za kwanza: kupima joto la mwili mara kwa mara na kutoa parasetamoli mara linapofika nyuzi 37.5, kupima sukari na kuishusha ikipanda, na kuhakikisha hakuna chakula, maji wala kidonge kinachoingia mdomoni kabla umezaji haujapimwa na mtu aliyefundishwa. Kundi la pili lilipewa mwongozo ulioandikwa tu. Wagonjwa walikuwa 1,696. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki tegemezi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 42, na katika kundi la pili asilimia 58. Tofauti ya asilimia 16 ni kubwa, kubwa kuliko ambavyo dawa yoyote ya kuzuia saitokini imewahi kuonyesha, na ilipatikana kwa kipimajoto, sindano ya kutoboa kidole na subira kabla ya kijiko cha kwanza.

Sisemi kwamba QASC ilipima mchochota. Haikuupima. Lakini joto la mwili na mchochota ni mambo yanayokwenda pamoja. Homa ni mchochota uliovuka mipaka ya jeraha, nayo huongeza njaa ya oksijeni katika penumbra ambayo tayari haina cha kula. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia wagonjwa 390 na kuona kwamba kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka wakati wa kulazwa ilikwenda na uwezekano wa matokeo mabaya ulioongezeka zaidi ya maradufu. Wala haitoshi kumpa kila mgonjwa dawa za kuzuia bila kuangalia: nchini Uholanzi wagonjwa 2,550 walishirikishwa katika jaribio la kutoa antibayotiki mapema kwa wote ili kuzuia maambukizi, na matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba walipona vizuri zaidi. Kilichofaa ni jicho la mtu aliyekaa kando ya kitanda, anayepima na kuchukua hatua.

Nisieleweke vibaya kwamba milango ya dawa imefungwa. Imeanza kufunguka, na naona inafunguka kwa sababu watafiti wamejifunza kuuliza lile swali kamili. Sasa hivi mishipa mingi zaidi hufunguliwa kwa mrija, kwa hiyo dawa hufika mahali inapotakiwa badala ya kukwama nyuma ya gogo. Jaribio la MARVEL nchini China liliwachukua wagonjwa 1,680 ambao mshipa mkubwa ulikuwa umeziba na waliokwenda kuvutwa bonge, nusu wakapewa methilpredinisoloni, ndugu wa deksamethasoni, kwa kiwango kidogo na kwa siku tatu tu. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba kiwango cha ulemavu kwa jumla hakikutofautiana. Hata hivyo, waliofariki walikuwa asilimia 23.2 kwa waliopewa dawa na 28.5 kwa wasiopewa, na kuvuja damu ubongoni kunakoonyesha dalili kulikuwa kuchache zaidi. Kwa kuwa swali kuu la utafiti halikupata jibu la ndiyo, sioni kama kuna daktari anayeweza kuichukua dawa hiyo kuwa kanuni. Lakini naona ni ishara kwamba steroidi, kwa muda mfupi na mshipa ukiwa wazi, inaweza kuwa kitu tofauti na ile dozi kubwa ya mwaka 1986.

Ninachokitazama kwa hamu zaidi ni minosaiklini. Hii ni antibayotiki ya zamani, inayotolewa kwa chunusi, ambayo huvuka kuingia ubongoni na kuzituliza mikroglia bila kuziua. Mwaka 2007 jaribio dogo la Israel lenye wagonjwa 152 lilionyesha matumaini, kisha likabaki hivyo kwa miaka mingi, pengine kwa sababu dawa ya bei ndogo haina mwenyewe wa kuisukuma. Mwaka 2025 matokeo ya jaribio la EMPHASIS la China yaliwasilishwa: wagonjwa 1,724, dawa kuanza ndani ya saa 72, na waliorudi kwenye maisha bila ulemavu wa maana walikuwa asilimia 52.6 dhidi ya 47.4. Tofauti si kubwa, na inahitaji kuonekana tena nje ya China kabla ya kuaminiwa, lakini ukiyafikiria maeneo ambayo mgonjwa hufika hospitali siku ya pili, dirisha la saa 72 ni neema.

Nayafikiria hayo kwa sababu ninaishi nayo. Wilaya ya Hai, jirani kabisa na hapa, ilikuwa moja ya maeneo mawili ya utafiti mkubwa wa kiharusi wa Tanzania uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010 na Richard Walker na wenzake. Baada ya kurekebisha kwa umri, walikuta watu 108.6 katika kila 100,000 wakipata kiharusi kwa mwaka huko Hai, na 315.9 katika eneo la Dar es Salaam walilolichunguza. Hii ya pili ni kati ya viwango vya juu kuwahi kuripotiwa, na presha isiyotibiwa ndiyo iliyotajwa mbele. Hatuwezi kusema kiharusi ni ugonjwa wa wenzetu wa mbali na dawa zake zitusubiri huko huko.

Nirudi dirishani. Nilimwambia yule baba kwamba dawa aliyoitaka inaweza kumshushia mama kinga wakati ambapo kinga yake imeshuka tayari, na kumpandishia sukari, na kwamba kwa kiharusi cha kuziba mshipa haijawahi kuthibitika kusaidia kwa namna anayoambiwa. Alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nifanye nini, nikae tu?" Nilimuuliza kama mama amekwishapimwa kumeza. Hakujua. Nikamwomba, kabla ya jambo jingine lolote, akamwombe muuguzi ampime, na mpaka hapo asimpe hata maji ya kijiko. Akipimwa na kuruhusiwa, amwinue akae wima kabisa kabla ya kumpa chochote, na asimlaze mara amalizapo. Nikamuuzia kipimajoto cha kidijitali, nikamwonyesha namna ya kukiweka kwapani na kusubiri mlio, nikamwandikia kwenye karatasi ile ile, upande wa pili wa neno "deksa", namba moja: 37.5. Ikifika hapo au ikizidi, usinunue dawa, mwite muuguzi na umwonyeshe. Kama mama hawezi kumeza, wao wana njia nyingine za kumpa parasetamoli.

Alirudi baada ya siku tisa kuchukua dawa za presha za mama, safari hii akiwa na cheti chenye muhuri. Alikuwa na daftari dogo la shule la kurasa 48, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akanifungulia nione. Alikuwa amechora mistari kwa rula: saa, joto, aliyeitwa. Katika usiku wa siku ya tatu palikuwa na 38.1, na mbele yake jina la muuguzi na saa aliyokuja. Kuanzia siku ya tano alikuwa ameongeza safu ya nne, ambayo mimi sikumwambia aichore, na kichwa chake kilikuwa "Amemeza". Chini yake alama za vema zilikuwa zimepangwa moja moja hadi mwisho wa ukurasa, isipokuwa sehemu moja alipoandika: "Amepaliwa kidogo, tumesimama, tumemwambia nesi."